KOPO SI KILO: Namna ya kujua uzito wa mboga jikoni



Kwenye dispensari tunasema gramu. Jikoni na sokoni watu wanasema kopo, beseni, fungu na kikombe. Mama anaambiwa: «Mtoto huyu wa miaka minne anahitaji gramu 250 za mboga na matunda kila siku.» Anaitikia, anashukuru, anarudi nyumbani. Lakini nyumbani hakuna mizani. Gramu 250 ni mafungu mangapi? Ni vikombe vingapi? Asiyejua jibu hufanya kama alivyofanya jana, na shauri la dispensari linabaki njiani.

Somo la leo linataka kuondoa shida hiyo. Mkilifuata mpaka mwisho, mtaweza kugeuza vikombe kuwa gramu, na gramu kuwa vikombe, kwa vyombo vilivyomo nyumbani mwenu.

Labda mtu atauliza: neno la jikoni linafanya nini katika ukurasa wa usalama? Jibu ni hili. Mtu akikosa vitamini A kwa muda mrefu, macho yake hayaoni vizuri penye mwanga mdogo. Mtu akikosa damu ya kutosha, anachoka upesi na kichwa kinamzunguka. Mfanyakazi wa namna hiyo akishuka shimoni, anajihatarisha yeye na wenzake. Majani ya kijani, boga la manjano na mawese mekundu husaidia kumlinda, lakini yakiwa ya kutosha. Na kutosha hakujulikani kwa kutazama sufuria tu.

1. UJAZO NA UZITO NI VITU VIWILI

Ujazo ni nafasi ambayo kitu kinachukua. Kopo, kikombe, beseni na lita hupima ujazo. Uzito ni wingi wa kitu chenyewe. Gramu na kilo hupima uzito.

Jazeni kikombe kimoja lengalenga mbichi iliyokatwa, na kingine cha ukubwa uleule mkijaze nyanya zilizokatwa. Kwa macho vikombe vyote vimejaa. Lakini kile cha nyanya ni kizito karibu mara sita kuliko kile cha lengalenga. Sababu ni hewa. Majani yamekaa moja juu ya jingine na hewa nyingi katikati yake. Vipande vya nyanya vinalala pamoja na maji yake yanajaza nafasi zote.

Kwa hiyo hakuna jibu moja kwa swali «kopo moja ni gramu ngapi?» Lazima kwanza tuulize: kopo la nini? Tena: limekatwa namna gani? Limeshindiliwa au halikushindiliwa? Ni bichi au limepikwa?

Watu wengi wa Fizi walioishi katika kambi ya Nyarugusu, upande wa Kigoma huko Tanzania, iliyofunguliwa mwaka 1996, wanalijua jambo hili. Posho huhesabiwa kwa gramu za kila mtu kwa siku, lakini mgawaji hushika kopo. Kopo lililopimwa kwa ajili ya maharagi haliwezi kugawa unga kwa haki, kwa sababu unga ni mwepesi zaidi. Kila chakula kinataka kopo lake au alama yake.

2. MAJI NDIYO JIWE LETU LA MIZANI

Mizani ya duka inagharimu pesa. Lakini kila nyumba ina kitu ambacho uzito wake unajulikana, nacho ni maji. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Nusu lita ni gramu 500. Robo lita ni gramu 250.

Jambo hili halikutokea kwa bahati. Mwaka 1795, huko Ufaransa, wataalamu walipopanga vipimo vipya, waliiweka gramu kuwa uzito wa maji yanayojaza mchemraba wa sentimeta moja kila upande. Mwaka 2019 wataalamu wa dunia waliiwekea kilo msingi mwingine wa kisayansi, lakini jikoni hakuna kilichobadilika: chupa ya lita moja ya maji bado ni kilo moja ya maji.

Basi, tengenezeni mizani ya fimbo kama hivi:

a) Chukueni fimbo iliyonyoka, yenye urefu wa karibu mita moja. Tafuteni katikati yake, mfunge kamba hapo, na muitundike kwenye boriti.

b) Kwenye kila ncha fungeni mfuko au kikapu kidogo. Vikapu viwe sawa, na umbali kutoka katikati uwe sawa pande zote mbili.

c) Fimbo lazima ilale sawasawa kabla ya kutia kitu chochote. Upande mmoja ukishuka, fungeni kijiwe kidogo upande ulio mwepesi mpaka fimbo itulie.

d) Chukueni chupa mbili za namna moja, za nusu lita. Moja ijazeni maji mpaka pale yalipofika iliponunuliwa, na mfunge kizibo. Nyingine iwe tupu, na kizibo chake. Chupa yenye maji itieni upande wa kushoto, chupa tupu upande wa kulia. Hivyo uzito wa chupa zenyewe unaondoka katika hesabu.

e) Tieni mboga upande wa kulia kidogo kidogo. Fimbo ikilala sawasawa, mmepata gramu 500 za mboga.

Mkitaka gramu 250, toeni chupa zote, kisha gaweni zile gramu 500 za mboga pande mbili mpaka fimbo itulie. Kila upande una gramu 250. Gaweni tena upande mmoja, mtapata gramu 125.

Angalisho: pimeni mboga kabla ya kuiosha, au ikung'uteni vizuri baada ya kuiosha. Maji yaliyoshika majani nayo yana uzito, na yatawadanganya.

3. KIKOMBE CHA NYUMBA NA ORODHA YAKE

Sasa tafuteni kikombe cha robo lita. Jaribio ni rahisi: chupa ya nusu lita ijaze kikombe hicho mara mbili kamili. Kama kikombe chenu ni kikubwa zaidi, tieni nusu ya maji ya chupa, na mkwaruze alama pale maji yanapofika. Hicho ndicho kikombe cha kupimia. Kisibadilishwe.

Orodha hii inaonyesha uzito wa karibu wa kikombe kimoja cha robo lita, kilichojazwa bila kushindiliwa na kusawazishwa juu:

Lengalenga mbichi iliyokatwa: gramu 30
Matembele mabichi yaliyokatwa: gramu 35 hadi 40
Kabichi (shu) mbichi, nyembamba: gramu 75
Biringanya mbichi, vipande: gramu 85
Bamia mbichi: gramu 105
Boga bichi, vipande: gramu 120
Karoti mbichi, vipande: gramu 135
Lengalenga iliyopikwa na kuchujwa: gramu 140
Kitunguu kilichokatwa: gramu 170
Nyanya zilizokatwa: gramu 190
Maharagi makavu: gramu 195

Hizi ni hesabu za karibu. Mboga ya bustani yako yaweza kupita kidogo au kupungua kidogo, kwa kuwa kisu cha mtu mmoja si kisu cha mwingine. Vipande vidogo hukaa karibu na kujaza kikombe zaidi. Vipande vikubwa huacha hewa. Ndiyo maana mizani ya fimbo inafaa: pimeni mara moja mboga mnazopika sana, muandike hesabu yenu kwenye karatasi, mkaibandike ukutani karibu na jiko.

Sombe haimo katika orodha, na ipo sababu. Majani mazima ya muhogo hujaza beseni. Yakitwangwa, hukaa chini ya kopo. Kinu hakikupunguza uzito, kimeondoa hewa. Kwa hiyo sombe ipimwe kwa mizani kabla ya kuingia kinuni. Na msisahau: sombe lazima itwangwe vizuri na ichemshwe kwa muda mrefu, kwa sababu majani mabichi ya muhogo yana sumu.

4. MOTO UNAVYOBADILI HESABU

Tazameni tena lengalenga katika orodha. Mbichi ni gramu 30 kwa kikombe, iliyopikwa ni gramu 140. Moto umelainisha majani na kufukuza hewa. Vikombe vitano vya lengalenga mbichi vinarudi karibu kikombe kimoja tu sufuriani.

Hapa ndipo familia nyingi zinapodanganyika. Mama ananunua majani, beseni linajaa, moyo wake unatulia: «Leo mboga ni nyingi.» Baada ya kupika, mboga ni vijiko vichache juu ya bugali. Baba anatiwa kwanza, wageni wanafuata, na mtoto mdogo anapata mchuzi. Hakuna aliyekusudia kumnyima. Waliamini beseni.

Maharagi yanafanya kinyume. Makavu yanakunywa maji na kuvimba, na uzito wake unapita mara mbili. Kwa hiyo ukiandikiwa chakula kwa gramu, ulizeni daima: gramu za kibichi au za kilichopikwa?

5. HESABU MBILI TU

Hesabu ya kwanza, kutoka vikombe kwenda gramu: zidisha.
Idadi ya vikombe × gramu za kikombe kimoja = uzito.
Mfano: vikombe 4 vya boga × 120 = gramu 480.

Hesabu ya pili, kutoka gramu kwenda vikombe: gawanya.
Uzito ÷ gramu za kikombe kimoja = idadi ya vikombe.
Mfano: kwenye karamu mpishi anaambiwa atie kilo moja ya vitunguu. Gramu 1,000 ÷ 170 = karibu vikombe 6 vya kitunguu kilichokwisha kumenywa na kukatwa.

Angalieni maneno «kumenywa na kukatwa». Maganda, mizizi na mashina magumu yana uzito wakati wa kununua, lakini hayaingii tumboni. Gramu zinazohesabiwa kwa afya ni za kile kinacholiwa.

6. SUFURIA YA FAMILIA MOJA

Shirika la Afya Duniani, katika mashauri yake ya mwaka 2023, linasema kila mtu wa miaka 10 na zaidi ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku. Mtoto wa miaka 6 hadi 9 apate angalau gramu 350. Mtoto wa miaka 2 hadi 5 apate angalau gramu 250. Muhogo na viazi havihesabiwi hapa. Hivyo ni vyakula vya nguvu, si mboga. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 2, mama aulize dispensari.

Tuchukue familia ya mfano: baba, mama, na watoto wa miaka 12, 8 na 4.

Baba 400, mama 400, mtoto wa miaka 12, 400, wa miaka 8, 350, wa miaka 4, 250. Jumla ni gramu 1,800 kwa siku.

Tuseme siku hiyo familia imekula papai na maembe, gramu 600 za nyama yake bila ganda wala kokwa. Zinabaki gramu 1,200 za mboga. Kwa milo miwili, ni gramu 600 kila mlo. Sufuria moja yaweza kuwa hivi:

Nyanya, kikombe 1: gramu 190
Kitunguu, nusu kikombe: gramu 85
Lengalenga mbichi, vikombe 11: gramu 330
Jumla: gramu 605

Vikombe 11 vya lengalenga vitawashangaza wengine. Ni karibu lita tatu za majani. Lakini kumbukeni moto: baada ya kupika vitabaki vikombe viwili na kidogo. Anayetia vikombe vitatu tu vya majani mabichi, akidhani vinatosha watu watano, ametia gramu 90.

Na yule mtoto wa miaka minne? Fungu lake ni 250 katika 1,800, yaani karibu sehemu moja ya saba ya mboga yote. Mtengeeni sehemu yake katika sahani yake mwenyewe kabla ya kugawa. Katika sahani moja ya wote, mkono mdogo hauwezi kushindana na mikono mikubwa.

Kama mfuko hauruhusu gramu 1,800 leo, msikate tamaa na kuacha yote. Anzeni na mnachoweza, muongeze. Mistari miwili ya lengalenga nyuma ya nyumba, ikimwagiliwa maji, inapunguza safari za sokoni.

7. SOKONI

Hapa Makobola, kando ya barabara ya Uvira na Baraka, mboga zinauzwa kwa mafungu, nazo nafaka kwa makopo. Mnunuzi mwenye macho atazame mambo matatu.

Kwanza, kitako cha kopo. Kitako kilichobonyezwa kwenda ndani kinakula nafasi, na kilichokula nafasi kimekula maharagi yako.

Pili, juu ya kopo. Kopo lenye mlima na kopo lililosawazishwa si bei moja. Mkubaliane kabla ya kumimina.

Tatu, fungu la majani. Fungu lililofungwa kwa kulegea linaonekana kubwa. Nunueni mafungu mawili ya bei moja kwa wauzaji wawili, myapime kwenye mizani ya fimbo, fungu moja kila upande. Hamhitaji hata chupa ya maji: fimbo yenyewe itawaambia lipi zito. Pimeni pia baada ya kuondoa mashina magumu, maana fungu zito laweza kuwa zito kwa mashina.

Tusiwaonee wauzaji. Wengi wao wanauza kwa haki, nao ni mama zetu na dada zetu. Kujua uzito kunawasaidia pande zote mbili, kwa sababu ugomvi mwingi wa sokoni unatoka kwenye kopo lisilojulikana.

8. MAWESE NA CHUMVI

Mboga za majani zinataka mafuta kidogo ili mwili upate vitamini A iliyomo. Mawese mekundu yanafaa. Lakini mafuta ni mepesi kuliko maji: lita moja ya mawese ni karibu gramu 910, si kilo. Bido la lita 20 lina karibu kilo 18 za mafuta. Anayenunua kwa lita na kuuza kwa kilo ajue hesabu hiyo, asije akapata hasara bila kujua sababu.

Chumvi ni kinyume: ni nzito kwa nafasi yake ndogo. Mtu mzima asipitishe gramu 5 kwa siku, nazo hazijai hata kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. Katika hesabu hiyo imo pia chumvi ya samaki mkavu. Kijiko chenye mlima kinaweza kuwa na mara mbili ya kile kilichosawazishwa, na damu ikipanda, kazi inakuwa ngumu. Watoto wapate pungufu ya hapo. Nunueni chumvi yenye ayodini.

MASWALI YA KUJIPIMA

Wasomeeni watoto wa shule wawasaidie kuhesabu.

1) Mama ametia sufuriani vikombe 2 vya karoti na vikombe 2 vya kabichi mbichi. Ni gramu ngapi?

2) Unahitaji gramu 380 za nyanya zilizokatwa. Ni vikombe vingapi?

3) Mtoto wa miaka minne amekwisha kula gramu 110 za papai. Amebakiza gramu ngapi za kufikia 250? Ni karibu vikombe vingapi vya lengalenga iliyopikwa?

4) Beseni la sombe limetwangwa, sasa linajaza kopo moja. Uzito umepungua?

Majibu: 1) 270 + 150 = gramu 420. 2) 380 ÷ 190 = vikombe 2. 3) 250 − 110 = gramu 140, yaani kikombe kimoja. 4) Hapana, hewa ndiyo iliyotoka, mkiongeza maji kinuni, uzito utazidi.

Fanyeni jambo moja wiki hii: tundikeni ile fimbo, mpime mboga mnayopika mara nyingi, muandike gramu zake ukutani. Na dispensari itakapowaambia gramu, ulizeni palepale: «Hizo ni vikombe vingapi?» Ni haki yenu kuuliza, na ni kazi yetu kujibu.